Nyumba ya Brashi Ilivyopata Rangi ya Kijani

Kona ile ina benchi moja, na benchi lenyewe lina wenyewe. Limeegemezwa kwenye ukuta wa duka lililofungwa siku nyingi, mguu wake mmoja umewekewa tofali, na mbele yake umejipanga mtaa wa zamani: nyumba za mawe na chokaa zilizobanana bega kwa bega, roshani za mbao zinazolalamika ukizikanyaga, milango mizito ambayo mafundi wake walishakwenda zao. Bi Vikombe ndiye mwenye jiko, mwenye birika na mwenye neno la mwisho. Wateja wake wa kila siku ni watatu. Profesa alipiga kengele ya shule mpaka akastaafu, na anaamini elimu yote iliyopita pale ilipitia mkononi mwake. Mawimbi ni fundi wa redio na simu, na kwake hakuna jambo duniani lisilo na mawimbi. Ngoja-Uone ni fundi viatu. Jina alilipata kwa namna anavyomalizia kila habari. Alikuwepo na wa nne, Brashi, mchora vibao vya maduka, mwenye nyumba ile inayotazamana na benchi. Brashi alipatwa na kiharusi, binti yake akaja kumchukua akamuuguze mji mwingine, na ufunguo ukabaki kwa Bi Vikombe. Tangu hapo watu wa benchi hawamzungumzii sana Brashi. Wanaizungumzia nyumba yake.

Siku mashine ilipokuja, iliwekwa katikati ya mtaa ikasimama kwa miguu yake mitatu, kichwa kikizunguka polepole na kutoa mwanga mdogo mwekundu. Pembeni yake alikuwa binti mwembamba mwenye kofia ngumu ya njano. Watu wa mradi walikuwa wameitisha mkutano kueleza kila kitu, lakini waliuitisha saa ya kahawa, kwa hiyo kutoka benchini hakwenda mtu.

— Inahesabu vichwa, alisema Profesa. — Kodi ya kichwa inarudi. Nilijua tu.

— Kodi gani, bwana? alisema Mawimbi. — Ile inatoa mawimbi. Yanakwenda, yanapiga ukuta, yanarudi na habari. Inaona ndani ya nyumba mpaka ulichokula jana.

— Basi kwako itaona njaa, alisema Bi Vikombe, akimmiminia.

— Mnacheka, alisema Ngoja-Uone. Alikuwa na kiatu cha mtu mapajani na misumari mdomoni, na maneno yake yalipita pembeni ya misumari. — Mtaa wote huu unachukuliwa, jiwe kwa jiwe, unatiwa kwenye kompyuta. Wakimaliza, mtaa mzima unaingia kwenye kidude kidogo kama ukucha, mtu anautia mfukoni. Haya niambieni: mtu mwenye mtaa mfukoni, huu wa chini anautakia nini? Wanaubomoa. Ngoja uone.

— Hawawezi kubomoa nyumba zenye watu, alisema Profesa.

— Ndiyo maana wanatafuta zisizo na watu! Mawimbi alijipiga paja. — Sasa nimeelewa. Yule binti ana kamera nyingine pia, nimeiona kwenye mkoba. Ile inaona joto. Nyumba yenye watu ina joto, nyumba isiyo na watu ni baridi kama maiti. Ikiwa baridi wanaandika imekufa. Na ya marehemu ina wenyewe?

Wote wakaitazama nyumba iliyo mbele yao. Hawakuambizana waitazame. Madirisha yalikuwa yamefungwa, chokaa imebanduka, ufa umeanza juu ya mlango ukapanda mpaka kwenye roshani, na ukuta wa upande wa kulia umetoa tumbo. Mvua mbili zilizopita maji yalikuwa yameingia kwenye mawe yakakaa humo.

— Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo, alisema Ngoja-Uone.

Bi Vikombe aliliweka birika kwa kishindo, kahawa ikaruka.

— Lipo! Lake lipo, na ufunguo wake huu hapa kiunoni kwangu. Nani aseme tena halipo.

Bi Vikombe alikuwa anamkumbuka Brashi kwa namna ambayo mwenyewe ilimshangaza. Haikuwa mapenzi ya kuimbiwa. Alikuwa na mumewe, akamzika, na hakutafuta mwingine. Ilikuwa tu kwamba kila asubuhi kwa miaka mingi alimimina vikombe vinne, na mkono wake ulikuwa bado haujajifunza vitatu. Kile cha nne alikuwa anakimwaga pembeni watu wasipoangalia.

— Wiki ijayo mashine inafika upande ule, alisema hatimaye. — Nimemsikia binti mwenyewe akimwambia dereva. Sasa ninyi wanaume mtakaa hapa mnataja wahenga, au tutaipa nyumba watu?

— Mficha uchi hazai, alisema Profesa.

— Maana yake nini hapo? aliuliza Bi Vikombe.

— Maana yake nyumba haina haja ya kuzaa. Kwa hiyo tuifiche aibu yake, basi.

Na wakaificha. Hapa msimulizi lazima aseme kweli: mtaa ule haujawahi kuona wazee wakifanya kazi namna ile. Ngoja-Uone aliuchukua ufa kama pande la kiatu. Akaujaza vipande vya ngozi vilivyochovywa gundi, akavigongea ndani kwa nyundo yake, halafu akapaka chokaa juu. Profesa alipaka rangi. Alitumia makopo ya Brashi mwenyewe, yaliyobaki kutoka vibao vya maduka, na rangi iliyokuwepo ni buluu, nayo iliishia pale mkono wa Profesa ulipoishia, kwa hiyo nyumba ikawa kama mtu aliyevaa suruali bila shati. Mawimbi aliingiza taa na redio. Halafu akasema joto la watu wanne halitoshi kuidanganya kamera ya siku hizi.

— Dawa ya moto ni moto, alisema, akaleta majiko matatu ya mkaa, akayapanga chini ya ukuta uliolowa. Yaliwashwa kila siku, madirisha wazi, mpaka ukuta ukaacha kutoa jasho.

Tumbo la ukuta ndilo liliwashinda. Ukuta ukishatoa tumbo huwezi kuuambia ulivute ndani. Bi Vikombe ndiye aliyelipatia dawa: alileta shuka lake kubwa jeupe, akalifunga kamba pembe nne, akalivuta kutoka roshani mpaka chini, mbele ya tumbo lile, likakaza na kunyooka kama ubao. Anayepita angesema watu wameanika.

Siku moja wiki ile Bi Vikombe alitangulia peke yake kufagia. Koti la Brashi lilikuwa kwenye msumari wake. Brashi za kuchorea zilikuwa zimesimama ndani ya kopo, ndogo kwa kubwa, na kwenye meza kilikuwepo kibao cha duka la vitambaa kilichofika herufi ya tatu. Nyumba ilinuka rangi na mafuta ya taa, harufu yake mwenyewe. Bi Vikombe alikaa kwenye kiti, akalia kidogo, akajifuta kwa ncha ya mtandio, kisha akafagia mpaka chini ya kitanda.

Siku ya kupimwa waliingia wote wanne wakafunga madirisha. Majiko matatu yanawaka, redio inaimba, na Mawimbi amewaagiza wagombane kwa sauti ili nyumba isikike ina familia. Kugombana halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa moshi. Walipotoka, mashine ilikuwa imeshapita, macho yao mekundu, Profesa anakohoa kama gari bovu, na wote wanacheka kama watoto walioiba sukari.

Zikapita wiki kadhaa. Shuka likarudi kitandani, majiko yakarudi kwa wenyewe, mashine ikaendelea na mitaa mingine. Halafu asubuhi moja binti mwembamba alirudi bila kofia, amekumbatia tableti, akaja moja kwa moja mpaka benchini.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, alisema Bi Vikombe. Karibu. Wewe si ndiye Injinia wa ile mashine? Keti, unywe kahawa.

Akaketi mwisho wa benchi, karibu na nguzo, akapokea kikombe kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala kidogo.

— Nimekuja kuwauliza jambo, alisema. — Nyie ndio mnaokaa hapa kila siku. Hiyo nyumba hapo mbele yetu, mnaijua?

Wakatazamana.

— Inategemea, alisema Ngoja-Uone.

— Hebu angalieni kwanza.

Akageuza tableti. Mtaa wao ulikuwa humo. Ulikuwa umetengenezwa kwa nukta, nyingi kama mchanga, na alipougusa kwa kidole uligeuka, ukajionyesha nyuma, ukajionyesha juu, mapaa ambayo wao wenyewe hawakuwahi kuyaona. Bi Vikombe aliona dirisha lake. Aliona mpaka kamba yake ya kuanikia.

— Subhana, alisema Profesa polepole. — Kengele yangu ile. Angalieni, mnara wa shule. Kengele ipo.

— Na sisi? aliuliza Mawimbi. — Benchi hili hapa. Mbona tupu? Sisi tuko wapi?

— Siku hiyo hapakuwa na mtu, alisema Injinia. — Nilishangaa mwenyewe.

— Miaka yote tumekaa hapa! Ngoja-Uone alikunja uso. — Siku moja tu tumeondoka, ndiyo wameihifadhi milele.

— Sasa angalieni. Injinia akagusa tena, na nyumba zikapata rangi. — Kompyuta inapima nyufa, inapima unyevu, inapima ukuta uliopinda. Kila nyumba inapewa rangi yake. Ya kushoto, nyekundu. Ya kulia, nyekundu. Na hii ya katikati…

— Kijani! alisema Mawimbi.

— Kijani. Ndiyo nyumba bora kuliko zote mtaani. Wakubwa zangu hawaelewi, na mimi sielewi. Jirani zake wamelowa mpaka ndani, yenyewe imekauka kama biskuti. Wamenituma nije niwaulize wenyeji: mlitumia nini? Kama kuna njia, tuwafundishe na wengine.

Hapo ndipo kiburi kilipowaponza. Mtu akikusifia hadharani na asubuhi na mapema, na umeshakunywa kikombe kimoja, si rahisi kunyamaza.

— Binti yangu, alianza Profesa, akivuta koti lake, — haba na haba hujaza kibaba. Ukuta una elimu yake. Rangi ya buluu, kwa mfano. Buluu inafukuza maji, kwa sababu maji yakiona buluu yanadhani pale tayari pana maji.

— Acha buluu, alisema Mawimbi. — Ni mawimbi. Weka redio ndani ya nyumba. Ukuta unatikisika kidogo kidogo, maji yanadondoka yenyewe. Mimi ningeweza kuukausha mtaa mzima kwa redio kumi na moja na spika moja kubwa.

— Ngozi, alisema Ngoja-Uone. — Hawa wanakupotezea muda. Jiwe likipasuka linataka ngozi, kama mtu. Nimeufunga ule ufa kwa ngozi ya ng'ombe na gundi. Kiatu changu kinatembea miaka mitano. Nyumba haitembei, basi itakaa miaka mia. Ngoja uone.

Injinia alikuwa anawatazama mmoja mmoja, kikombe kimesimama nusu ya njia.

— Ngozi? alisema.

— Ya ng'ombe, alisema Ngoja-Uone.

Bi Vikombe hakuwa na habari na ngozi. Alikuwa anaitazama tableti, zile nyumba nyekundu kushoto na kulia.

— Mwanangu, alisema, — hizi nyekundu zinafanywa nini?

— Zinatengenezwa, mama. Ndiyo kazi yenyewe. Mradi unaanza na nyekundu: kuta zinashikiliwa, paa linabadilishwa, kwa mawe yaleyale na chokaa ileile, kabla ya mvua. Kompyuta inatuambia kila jiwe lilikaa wapi.

— Na kijani?

— Kijani haihitaji kitu. Inaachwa.

Kiatu kilimponyoka Ngoja-Uone. Profesa alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena kama anayetafuta methali na kila anayoishika inamkataa.

— Lakini… wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema mwishoni, sauti ndogo. — Sisi tuliuziba.

— Ndiyo, alisema Bi Vikombe. — Tumeuziba. Na sasa hatujengewi ukuta.

Akaweka birika chini, akajifuta mikono, akamgeukia yule binti.

— Inua uso, mwanangu. Iangalie nyumba yenyewe, iache hiyo ya kiooni.

Injinia akainua uso. Akaiona kwa macho yake nyumba iliyovaa suruali ya buluu, na ule ukuta wa kulia uliotoa tumbo mbele ya mtaa mzima bila aibu.

— Imepinda, alisema.

— Imepinda. Hapo palikuwa na shuka langu. Nililivuta likanyooka, mashine yako ikapima shuka. Unyevu tuliukausha kwa mkaa. Tulidhani mnatafuta nyumba zisizo na watu mzichukue. Mwenyewe ni mgonjwa, yuko kwa binti yake, na sisi tulitaka akirudi aikute. Ndiyo hivyo. Kama kuna wa kulaumiwa nilaumu mimi, hawa walifuata.

— Hatukufuata, alisema Mawimbi. — Majiko yalikuwa wazo langu.

— Rangi yangu, alisema Profesa.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Ngoja-Uone. — Shuka la nani lile? Nilisema tangu mwanzo.

— Wewe ulisema nini na ngozi yako ya ng'ombe? alisema Bi Vikombe.

— Basi, basi, alisema Injinia. Alikuwa ameziba uso kwa kiganja, na mabega yanamtetemeka, na kwa muda hawakujua analia au anacheka. Alipoondoa mkono ilionekana ni vyote viwili. — Nimekesha na nyumba hii. Nimeandika kurasa nzima kuisifu. Nimeisimamia mbele ya wakubwa zangu, nikasema watu wa zamani walikuwa na siri yao.

— Samahani, mwanangu, alisema Bi Vikombe, na alimaanisha. Ilimuuma kumwona mtoto wa mwenzie amechoka hivyo kwa ajili ya shuka lake. — Tumekuharibia kazi. Hairekebishiki?

Injinia akanywa kahawa iliyobaki, akafikiri.

— Mashine bado iko hapa mjini. Naweza kuirudisha kesho, nipime upya bila shuka, bila majiko, na nimwombe fundi afungue ule ufa. Itageuka nyekundu bila shaka. Nyekundu sana.

— Alhamdulillahi! alisema Profesa. — Nyekundu!

Benchi zima likachangamka. Haijapata kutokea watu kufurahia kiasi kile habari ya nyumba kuwa mbovu. Mawimbi alimpa mkono Ngoja-Uone. Bi Vikombe aliongeza kahawa bila kuulizwa.

— Ila kuna jambo moja, alisema Injinia. — Nyumba za mtaa huu zikitengenezwa zikaachwa tupu, zinaanguka tena. Kwa hiyo tunaanza na zile ambazo mwenyewe amesema atakaa. Asiposema, anapewa mwingine nafasi. Huyu mzee wenu, anataka kurudi?

Ngoja-Uone aliokota kiatu chake akakikagua soli. Mawimbi alisafisha miwani ambayo ilikuwa safi. Profesa alitazama upande wa shule. Swali lilikuwa dogo, hata mtoto angeliuliza, na katika wiki zote zile za gundi na rangi na moshi, wao hawakuliuliza.

— Mmemuuliza mwenyewe? alisema Injinia, safari hii kwa upole.

— Tunatuma salamu, alisema Profesa. — Kwa binti yake. Kila mara.

— Salamu tunatuma, alisema Mawimbi. — Nyingi.

— Ila yeye mwenyewe, kuzungumza naye?

Bi Vikombe alijua jibu. Mara ngapi alishika simu akaitafuta namba, kisha akakumbuka jiko. Brashi ndiye aliyekuwa na mdomo mrefu kuliko wote pale. Akianza kisa cha kibao cha duka, kahawa inapoa mara mbili. Na binti yake alikuwa amesema maneno sasa yanamtoka kwa shida, moja moja. Hawakutaka kuyasikia. Ilikuwa rahisi kuipaka nyumba rangi. Nyumba ikikwambia haipendi kurudiwa, husikii.

— Tuliogopa, alisema. — Tuliogopa atasema harudi. Ndiyo hiyo.

Akatoa simu kifuani, akampa Mawimbi.

— Piga. Weka sauti ya nje, wasikie wote.

Simu ikaita, ikaita. Akapokea binti wa Brashi, wakaamkiana, wakaulizana hali, na Bi Vikombe akasema anataka kusema na mzee, kama yuko macho.

— Yuko macho, mama. Yuko hapa dirishani. Nampa simu. Ila anachelewa kidogo, msimkatize.

Kuwaambia wale wasimkatize mtu ni kuwaomba wabadili damu. Lakini walijaribu. Waliinama wote juu ya ile simu, vichwa vikagusana, na kutoka upande wa pili ikaja pumzi, kisha hakuna kitu, kisha pumzi tena.

— Brashi, alisema Bi Vikombe. — Ni sisi.

Pumzi.

— Nyumba yako itatengenezwa, ukitaka. Kuna binti hapa wa mradi, atakuja na mashine kesho. Ila wanataka kujua. Na mimi nataka kujua. Unarudi, Brashi? Kama hutaki hatutakasirika. Sema tu.

Profesa alikuwa na jambo la kusema, ilionekana usoni, Ngoja-Uone akamfinya. Wakangoja. Ndani ya simu mtu alikuwa anahangaika na neno kama anayefungua mlango uliovimba kwa maji, na hakuna kati yao aliyeweza kumsaidia kusukuma. Injinia, kwa kujizuia asipumue, alipaliwa na kahawa akakohoa.

— Nani… huyo? ilisema simu.

Ilikuwa sauti yake. Ilikuwa imepungua nusu, imeburuta mguu, lakini ni yake. Bi Vikombe alishika ukingo wa benchi.

— Ndiye Injinia. Ndiye huyo binti ninayekwambia.

Pumzi tena, ndefu. Ngoja-Uone alishaanza kutikisa kichwa, kwamba ndiyo basi, mzee hakuelewa hata alichoulizwa.

— Amekaa… wapi?

Wakageuka wote wakamtazama. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, karibu na nguzo, pale ambapo miaka yote alikaa Brashi, na katika msisimko wa rangi na nukta hakuna aliyekumbuka kumwambia.

— Amesimama, alisema Bi Vikombe, na kabla neno halijamtoka mdomoni yule binti alikuwa wima, kikombe mkononi.